Ukaguzi kamili, mapitio au taratibu zilizokubaliwa: uagize ipi kwa mhasibu?

Simu huwa inaanza hivi: "Tunahitaji mkaguzi. Ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi." Nami huuliza swali ambalo wengi hawakulitarajia: ripoti hiyo ataisoma nani? Kimya kidogo. Halafu najibiwa, "Si ni ripoti tu ya mkaguzi?"

Siyo "tu". Mhasibu wa kujitegemea anaweza kukutolea angalau aina nne za ripoti, zote kwenye karatasi yenye nembo ileile na saini ileile, na kwa mtu asiye wa fani zinafanana kama mapacha. Kinachozitenganisha ni kiwango cha kitaaluma kilichoongoza kazi. Viwango hivyo hutungwa na bodi ya kimataifa ya viwango vya ukaguzi na uhakikisho, inayojulikana kwa kifupi kama IAASB. Ukaguzi kamili unafuata mlolongo wa viwango vinavyoitwa ISA. Mapitio ya hesabu yana ISRE 2400, taratibu zilizokubaliwa zina ISRS 4400, na kuandaliwa hesabu kuna ISRS 4410. Zitafute namba hizi kwenye ripoti yoyote utakayokabidhiwa. Zinakwambia mengi kuliko jalada lake.

Watu hudhani kiwango ni orodha ya mambo ya kukagua. Kwa sehemu ni hivyo. Lakini ukivisoma utaona kurasa nyingi zinahusu watu: mkaguzi aongee na nani, amwandikie nani, neno la nani aliamini kwa kiasi gani, na akigundua jambo amwambie nani kwanza. Kwa hiyo ukichagua aina ya kazi, umechagua pia mhasibu huyo atakuwa nani kwako, kwa bodi yako, kwa benki na kwa wanachama. Bei inafuata hapo.

Sentensi nne

Njia ya haraka ya kuzilinganisha ni kuweka kando kurasa zote na kusoma sentensi moja, ile ambayo ndiyo bidhaa yenyewe. Maneno hutofautiana kidogo kati ya ripoti na ripoti, ila kiini ni hiki.

Ukaguzi kamili: "Kwa maoni yetu, taarifa za fedha zinaonyesha kwa haki, katika mambo yote ya msingi, hali ya kifedha ya taasisi."

Mapitio: "Kutokana na mapitio yetu, hatukupata jambo lolote la kutufanya tuamini kwamba taarifa hizi hazionyeshi kwa haki hali ya kifedha ya taasisi."

Taratibu zilizokubaliwa: "Tulichukua hati za malipo 40 kutoka kwenye leja ya mradi na kuzilinganisha na ankara zake. Hati 38 zililingana. Mbili hazikuwa na ankara."

Kuandaliwa hesabu: "Tumewasaidia kuandaa taarifa hizi kwa kutumia kumbukumbu mlizotupa. Hatukuzihakiki, na hatutoi maoni wala hitimisho."

Zisome tena polepole. Ya kwanza ni mtu anayeweka jina lake kwenye kauli. Ya pili ni mtu anayesema amepita, ameangalia, hakuona moshi. Ya tatu haina hukumu yoyote ndani yake. Hizo hati mbili ni tatizo au si tatizo, utaamua wewe msomaji. Ya nne ni fundi aliyeshona nguo kwa kitambaa ulichomletea.

Ukaguzi kamili

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndicho watu wanachokiomba kwa jina hata wasipokihitaji.

Lengo lake linaitwa uhakika wa kuridhisha. Ni uhakika wa juu, lakini si wa asilimia mia, na ISA 200 inalisema hilo bila kuficha. Mkaguzi hupima sampuli, na huweka kiasi cha fedha ambacho kosa likikivuka lingeweza kumbadilishia msomaji uamuzi wake. Kosa dogo kuliko hapo hatalikeshea.

Uhusiano wake na menejimenti huanza kwa barua. Kabla hajagusa daftari, ISA 210 inamtaka apate kukiri kwao mambo matatu: kwamba hesabu ni zao, kwamba udhibiti wa ndani unaohitajika ni kazi yao, na kwamba watampa taarifa zote pamoja na ruhusa ya kuongea na mtu yeyote ndani ya taasisi. Wakurugenzi wengi husaini ukurasa huo bila kuusoma. Hilo la tatu linakuja kuwauma wiki tatu baadaye, mkaguzi anapotaka kukaa na mtunza stoo peke yake. "Muulize meneja, yeye ndiye msemaji," wanasema. Hapana. Walishasaini.

Mwisho wa kazi kuna barua nyingine, safari hii kutoka kwao kwenda kwa mkaguzi, wakithibitisha kwamba wametimiza wajibu wao na wametoa kila kitu. Wakikataa kuisaini, ISA 580 haimwachii mkaguzi nafasi ya kuwa mpole: anajizuia kutoa maoni.

Katikati ya barua hizo mbili kuna jambo ambalo ISA inaliita shaka ya kitaaluma, na ndilo linaloleta kununa. Chukua barua ya benki. Mkaguzi anataka benki imwambie salio la mteja mwisho wa mwaka. Nakumbuka mhasibu mkuu mmoja, mtu mwungwana kabisa, aliyenyoosha mkono akisema: "Nipe hiyo barua, napita benki mchana huu, nitarudi na majibu." Nikamwambia siwezi. Uso ukambadilika, alisikia kama nimemwita mwizi. Lakini ISA 505 inasema barua hiyo iwe mikononi mwa mkaguzi mwanzo hadi mwisho: yeye ndiye achague anwani, yeye aitume, na jibu lirudi kwake moja kwa moja bila kupita kwa mteja. Kama angekwenda nayo yeye, hata jibu lingekuwa la kweli kabisa, lisingekuwa na thamani kwa msomaji wa nje.

Juni 2020 kampuni ya malipo ya Ujerumani, Wirecard, ilianguka baada ya kuonekana kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa kwenye mizania hazikuwapo. Fedha hizo zilisemekana kuwekwa kwenye benki mbili za Ufilipino. Benki hizo zilisema Wirecard si mteja wao. Tangu hapo, mtu akinung'unika kuhusu barua ya benki, namtajia kiasi hicho tu.

Stoo ni hivyohivyo. Mwaka 1896 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Kingston Cotton Mill, kiwanda ambacho meneja wake alikuwa akipandisha thamani ya bidhaa za stoo mwaka baada ya mwaka, na wakaguzi wakichukua cheti chake na kukiamini. Wakaachiwa. Jaji mmoja alisema mkaguzi ni mbwa mlinzi, si mbwa wa kunusa nyayo. Ikachukua kashfa ya McKesson & Robbins huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, kampuni iliyokuwa na bidhaa hewa na wadaiwa hewa wa mamilioni ya dola, ndipo taaluma ikakubali kwamba mkaguzi lazima aende mwenyewe stoo. Leo ISA 501 inamtaka awepo wakati wa kuhesabu, kama bidhaa hizo zina uzito katika hesabu.

Na akiwepo, hasimami tu na daftari. Anachukua mistari kadhaa kwenye orodha na kwenda kuitafuta rafuni, aone kama kilichoandikwa kipo. Kisha anageuza: anachagua maboksi rafuni, hasa ya nyuma na ya chini ambayo hakuna aliyetaka yaguswe, na kuyatafuta kwenye orodha, aone kama kilichopo kimeandikwa. Ukiona mkaguzi wako anafanya upande mmoja tu, umelipa nusu ya kazi.

Bodi ndiyo inayopata zaidi kwenye ukaguzi kamili, na mara nyingi haijui. ISA 260 inamfungulia mkaguzi mlango wa kuzungumza na wanaosimamia taasisi, yaani bodi au kamati yake, kuhusu ugumu aliokutana nao, na hata bila menejimenti kuwepo pale inapofaa. ISA 265 inamlazimisha aandike udhaifu mkubwa wa udhibiti aliouona: mtu mmoja anayeidhinisha malipo na kuandika hundi, nywila ya mfumo wa malipo inayotumiwa na watu watano. Barua hiyo huwa ya kurasa chache na haisomwi nje. Mimi huiona ina faida kwa mjumbe wa bodi kuliko ripoti yenyewe, kwa sababu ripoti inahusu mwaka uliopita na barua inahusu kesho asubuhi.

Kwa wanahisa na wanachama, ripoti inaandikwa kwa jina lao. Wengine wote, mwekezaji mpya, msambazaji, mkopeshaji, wanaisoma kwa hiari yao. Mwaka 1990 nyumba ya mabwana ya Uingereza (House of Lords), iliyokuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo, katika kesi ya Caparo dhidi ya Dickman, iliamua kwamba wajibu wa mkaguzi wa hesabu za kisheria ni kwa wanahisa kama kundi, si kwa kila mtu anayenunua hisa akizitegemea hesabu hizo. Nchi nyingine zina msimamo wao, ila swali ni lilelile popote: je, jina la mtu unayetaka aiamini ripoti limo kwenye makubaliano? Benki ikisema "tunategemea ripoti ya mkaguzi wenu," mkaguzi naye anaweza kuwa na aya inayosema ripoti haikuandikwa kwa ajili ya benki.

Kampuni zilizo kwenye soko la hisa zina nyongeza. Kwa miaka iliyoishia 15 Desemba 2016 na baadaye, ISA 701 inamtaka mkaguzi aeleze mambo yaliyomsumbua zaidi na alivyoyashughulikia. Kabla ya hapo ripoti zilikuwa kama mhuri: umepita au hujapita. Sasa mwekezaji anaweza kusoma kwamba thamani ya chapa fulani ilikadiriwa kwa mategemeo ya mauzo ya miaka mitano, na akaamua mwenyewe kama anayaamini. Taasisi ndogo haina sehemu hiyo kwenye ripoti yake, labda ikubaliane na mkaguzi.

Halafu wizi. Kila mkutano mkuu kuna mwanachama anayesimama na kuuliza, "Mkaguzi alikuwa wapi fedha zikiibiwa?" ISA 240 inaweka wajibu wa kwanza wa kuzuia na kugundua udanganyifu kwa bodi na menejimenti. Mkaguzi anatakiwa kupanga kazi yake akijua udanganyifu unawezekana, hata kwa watu aliowazoea. Lakini hakuajiriwa kuwa mpelelezi, na stakabadhi ya kughushi iliyotengenezwa kwa ustadi na watu watatu wanaoshirikiana inaweza kumpita. Kama hofu yako ni wizi mahususi unaoushuku, ukaguzi kamili ni chombo cha gharama kubwa kwa kazi ambayo hakikutengenezewa. Soma sehemu ya taratibu zilizokubaliwa hapa chini.

Mwisho wa yote kuna hati ya mkaguzi: safi, yenye shaka, isiyoridhisha, au mkaguzi kushindwa kutoa maoni. Watu huogopa yenye shaka kana kwamba ni kifungo. Nimewahi kuona benki ikikopesha juu ya hati yenye shaka kwa sababu shaka ilikuwa kwenye jambo moja lililoelezwa wazi, na ikimnyima mwenye hati safi.

Kuna njia ya kati kwa wadogo. Desemba 2023 IAASB ilitoa kiwango kimoja kinachojitegemea cha ukaguzi wa taasisi zisizo na utata mwingi, kwa vipindi vinavyoanza 15 Desemba 2025 na kuendelea. Uhakika wake ni uleule wa kuridhisha, ila makaratasi yamepunguzwa yale yasiyokuhusu. Miongoni mwa masharti yake: nchi yako iwe imekikubali, na wewe usiwe kampuni ya soko la hisa. Muulize mhasibu wako kabla ya kupokea bei, wengine hawatakutajia.

Mapitio

Chini ya ISRE 2400 mhasibu anafanya mambo mawili hasa: anauliza na anapiga hesabu. Anakaa na wewe, anasikiliza mwaka ulivyokwenda, analinganisha namba na za mwaka jana na uwiano wake, na anakuuliza pale panapopishana. Haandikii benki. Hahesabu stoo. Uhakika anaotoa una mipaka, ndiyo maana sentensi yake imekaa kwa kukanusha mara mbili.

Tuseme faida ghafi yako ilikuwa asilimia 18 mwaka jana na mwaka huu ni 31. Mkaguzi kamili angefukua ankara, stoo na mauzo ya siku za mwisho. Mhasibu wa mapitio anakuuliza kwanza. Ukimjibu kwamba ulibadilisha msambazaji na bei ikashuka, anapima kama jibu linaingia akilini na linakubaliana na anachokijua kuhusu biashara yako. Likikubaliana, anasonga mbele. Lisipokubaliana, kiwango kinamlazimisha achimbe zaidi hadi aridhike, au hadi ajue kuna kosa. Watu husahau sehemu hiyo. Mapitio si kufumba macho.

Uhusiano hapa ni wa karibu zaidi na menejimenti kuliko na mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ushahidi mwingi unatoka midomoni mwao. Mhasibu bado anatakiwa awe huru, kama mkaguzi. Lakini msomaji wa nje anatakiwa ajue kwamba anategemea, kwa kiasi kikubwa, ukweli wa watu walioulizwa.

Napendekeza mapitio pale wenye mali wanapokuwa karibu na shughuli na kujua hali yake kwa macho yao, sheria haiwadai ukaguzi, na wanataka mtu wa nje aseme kama namba zina mantiki. Ndugu wanne wenye biashara moja, wawili wakiiendesha na wawili wakiwa na kazi zao: hao wanafaa sana. Sipendekezi pale fedha taslimu zinapopita mikono mingi au stoo ndiyo mali yote. Kuuliza hakuhesabu maboksi.

Taratibu zilizokubaliwa

Kwangu, hii ndiyo huduma isiyothaminiwa inavyostahili kuliko zote nne.

Mfadhili anataka kujua kama fedha zake zilitumika kwenye mistari ya bajeti aliyoidhinisha. Hataki kujua kama mizania yako yote ni ya haki. Ana swali moja. Chini ya ISRS 4400 mnakaa, wewe na mhasibu na inapowezekana mfadhili mwenyewe, mnaandika taratibu moja baada ya nyingine: chukua malipo yote yanayozidi kiasi hiki, linganisha na ankara, angalia saini mbili, angalia tarehe iko ndani ya kipindi cha mradi. Mhasibu anafanya hivyohivyo, hazidishi wala hapunguzi, na anaripoti alichokuta.

Lugha ndiyo kila kitu hapa. Utaratibu ukiandikwa "pitia matumizi ya mradi" haufai. Watu wawili wataufanya kwa njia mbili. "Thibitisha" nalo linaepukwa, maana linanusa uhakika ambao haukutolewa. "Linganisha," "hesabu upya," "angalia kama kuna saini," hayo ni maneno ya kazi. Nimepoteza jioni nzima nikibishana na ofisa wa mfadhili juu ya neno "ya kuridhisha" kwenye utaratibu mmoja. Nyaraka ya kuridhisha ni ipi? Yeye alikuwa na picha moja, mimi nyingine, na mteja ya tatu. Tulipomaliza tulikuwa na mstari wenye maneno tisa: ankara yenye jina la muuzaji, tarehe, na kiasi kinacholingana.

Uhusiano umegeuka kabisa. Kwenye ukaguzi, mhasibu ndiye anayeamua nini kinatosha. Hapa anayeamua ni aliyeagiza, na hukumu inabaki kwa msomaji. Kwa sababu hiyo kiwango chenyewe hakimlazimishi mhasibu awe huru, lakini toleo lililorekebishwa, linalohusu kazi zilizokubaliwa kuanzia 1 Januari 2022, linataka ripoti iseme wazi hali ya uhuru ikoje. Mfadhili akitaka uhuru, aandike kwenye mkataba.

Ni hapa pia ninapompeleka mwenye shaka mahususi. Unashuku malipo ya mafuta ya magari? Usiagize ukaguzi wa mwaka mzima. Agiza stakabadhi zote za mafuta za miezi sita zilinganishwe na kitabu cha safari na ujazo wa tangi. Stakabadhi ya lita 90 kwa gari lenye tangi la lita 60 haihitaji maoni ya mtu.

Kuandaliwa hesabu

Hii nitaipita haraka. Mhasibu anachukua kumbukumbu zako na kuzipanga kuwa taarifa za fedha zinazosomeka. ISRS 4410 haimtaki ahakiki wala awe huru, ila akijua kwamba zinapotosha na wewe ukakataa kurekebisha, anatakiwa ajitoe. Ni huduma nzuri kwa mwenye shughuli anayetaka kujua alipo. Ukiipeleka kwa mkopeshaji kama ripoti ya mkaguzi, umejitafutia aibu, na mhasibu wako umemtafutia pia.

Angalizo moja kwa wanaotaka mtu mmoja aandae na akague: anakuwa anakagua kazi ya mikono yake. Kanuni za maadili za taaluma huiita hatari ya kujikagua. Kwa kampuni zenye maslahi ya umma ni marufuku. Kwa nyingine inaruhusiwa kwa kazi za kawaida za uandishi, maamuzi yakiwa yako na tahadhari zikiwekwa. Mimi huwaambia wateja watafute watu wawili.

Basi uchague vipi

Anza na karatasi zinazokufunga. Kama sheria ya nchi au katiba ya chama inasema hesabu zikaguliwe, mjadala umeisha. Mapitio hayatakubalika hata yakiwa mazuri kiasi gani. Lakini soma maneno yenyewe. Nimeona mikataba ya ufadhili inayosema "mkaguzi wa nje" ukurasa wa tatu, kisha kiambatisho cha ukurasa wa 22 kinaorodhesha taratibu nane za kufanywa. Hiyo ni ISRS 4400 iliyovaa koti la ukaguzi, na kuagiza ukaguzi kamili kwa ajili yake ni kulipa zaidi na bado kukosa walichotaka.

Pasipo na karatasi, mwandikie msomaji. Muulize ofisa wa mikopo kwa barua pepe, na umpe majina mawili achague: ukaguzi au mapitio? Jibu la mdomo halitoshi, maana ofisa huyo anaweza kuwa amehamishwa siku ripoti inapofika.

Halafu tazama mbele miaka miwili. Hapa watu wengi hujikwaa. Ukijua kwamba utauza biashara au kumleta mwekezaji mkubwa atakayetaka hesabu zilizokaguliwa, usisubiri mwaka huo. Mkaguzi anayeingia kwa mara ya kwanza hana njia rahisi ya kujua stoo yako ilikuwa na nini siku ya kwanza ya mwaka, kwa kuwa hakuwapo. ISA 510 inamtaka atafute ushahidi wa salio la kuanzia, na akiukosa, hati yenye shaka inakuja hata kama hukukosea chochote. Wateja wangu wawili walilipia mwaka mmoja wa ziada kabla ya kuhitaji, kwa ajili ya stoo tu, na sikuwahi kusikia wakijuta.

Wabia wanaogombana nao ni kesi yao. Usiwape ukaguzi. Kila upande utasoma hati safi kama ushindi wake, au utasema mkaguzi alinunuliwa. Waandikishe taratibu kumi wanazokubaliana wote wawili, wasaini, na wapokee ripoti siku moja saa ileile.

Na usiagize kubwa ukitegemea kushusha baadaye. Hutokea: ukaguzi umeanza, mambo yamekuwa magumu, na mteja anasema, "Basi tufanye mapitio tu." ISA 210 inamtaka mkaguzi aulize sababu. Kama mahitaji yamebadilika kweli, au mteja alikuwa hajaelewa alichoagiza, anaweza kukubali. Kama sababu ni kwamba ushahidi fulani haupatikani, au umeanza kuonyesha sura mbaya, hakubali. Mteja aking'ang'ania na kumzuia asiendelee, anajitoa pale sheria inaporuhusu, na anaangalia kama anawajibika kuwaambia wenye mali au mamlaka inayosimamia. Akikubali, ripoti mpya ya mapitio haitaji kwamba ukaguzi uliwahi kuanza. Msomaji hataujua huo ukaguzi wa nusu njia, isipokuwa aulize. Maofisa wa mikopo wazoefu huuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku wakigeuza kurasa: "Na mwaka huu mlianza na kazi gani?"